Mume wa Rafiki Yangu Alijua Ugonjwa Wangu Kabla ya Mama Yangu

Tulikuwa tumemaliza kula, Jumapili, nyumbani kwa rafiki yangu Mama Lavin kule Mamboleo, Kisumu. Mwenyewe alikuwa jikoni akisugua sufuria ya samaki. Watoto walikuwa nje wakigombania baiskeli. Sebuleni tulibaki mimi na Baba Lavin, televisheni imepunguzwa sauti, kila mtu na kijiti chake cha meno. Akanigeukia, uso umejaa huruma ya kweli kabisa, akaniuliza:

"Shemeji, na ile biopsi, majibu yalitoka?"

Nikajibu bado, daktari amesema tusubiri. Akasema pole, Mungu yupo. Mazungumzo yakarudi kwa mpira.

Sikushtuka palepale. Nilishtuka nikiwa kwenye tuktuk, tumekwama Kondele, dereva akibishana na mtu wa boda. Habari za uvimbe ule, uliokatwa kipande kikapimwe, nilikuwa nimempa mtu mmoja tu. Mama yangu alikuwa hajui. Dada yangu wa Nakuru alikuwa hajui. Nilimtumia Mama Lavin ujumbe wa sauti usiku, nikilia, na kabla sijamaliza nilimwambia: hii ibaki kwako.

(Majibu yalitoka baadaye, si saratani. Nayasema mapema ili msome mengine kwa utulivu.)

## Nani alisema?

Jibu la haraka lilikuwa kwamba mke amemwambia mumewe. Ukimpa siri mtu aliyeolewa, unajua moyoni kwamba huenda umewapa wawili. Ningeumia kidogo, ningemeza, maisha yangeendelea.

Ila kuna jambo lilikataa kukaa. Kila Mama Lavin aliponipigia kunijulia hali, alitoka nje kwanza. Nilikuwa nikisikia mlango, halafu kuku wa jirani, halafu sauti yake ikishuka. Kwa nini umfiche mtu jambo ambalo umeshamwambia?

Swali hilo lilinisumbua kwa wiki kadhaa. Kumuuliza ni kumtuhumu. Kutomuuliza ni kuanza kumpimia maneno, na tayari nilikuwa nimeanza: akiniandikia "vipi leo?" namjibu "poa tu," mimi ambaye zamani ningemjibu kwa dakika tano za sauti.

Mwishowe nilimfuata kibandani kwake Kibuye, anapouza nguo za watoto za mitumba. Nikangoja mteja aondoke, nikamuuliza.

"Haki ya Mungu sijamwambia." Akaacha kukunja. "Amekuuliza kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akakaa juu ya bale. Akakumbuka kitu alichokuwa amekipuuza: siku za nyuma mumewe aliwahi kutaja bei ya sare za chama chetu cha michango kabla yeye hajafungua mdomo. Wakati huo alidhani amemwambia akasahau.

## Google Chrome, Windows

Simu ya Mama Lavin hufunguliwa kwa kuchora herufi L, kwa heshima ya binti yake. Nyumba nzima inaijua L hiyo. Mtoto wa jirani anaijua.

Nikamwambia afungue WhatsApp, aguse nukta tatu pale juu, atafute vifaa vilivyounganishwa. Kioo chake kina ufa unaopita katikati, kwa hiyo tulisoma tukiwa tumeinamisha simu kivulini. Kulikuwa na kifaa kimoja. Google Chrome, Windows. Na chini yake: kimetumika leo, asubuhi hiyohiyo, saa ambayo yeye alikuwa akimpimia mteja suruali ya shule.

Mama Lavin hana kompyuta. Hajawahi kuwa nayo. Baba Lavin hushinda mbele ya moja ofisini, akiandikisha mizigo inayoingia na kutoka.

Watu hudhani kazi hii inahitaji mtaalamu wa mitambo. Inahitaji simu iliyoachwa mezani wakati mwenyewe anaoga. Unaifungua, unaelekeza kamera kwenye ule mraba wa vidoti ulio kwenye kompyuta, basi. Kuanzia hapo kompyuta inapokea kila kitu: kikundi cha kanisa, kikundi cha chama, picha, sauti. Na siku hizi haihitaji hata simu yenyewe iwe hewani, maana kifaa kilichounganishwa kinaweza kuendelea kwa muda wa siku 14 huku simu imezimwa.

Tulipochimba zaidi tukakuta na akaunti ya Google ni ya mumewe. Alinunua simu kama zawadi, akaifungulia akaunti palepale dukani, nenosiri akabaki nalo yeye. Sidhani siku ile alikuwa na nia mbaya. Wanaume wengi hapa hufanya hivyo, na wake hushukuru, kwa sababu nani ana muda wa kuhangaika na nenosiri? Lakini mwenye akaunti anaweza kuona majina ya simu na picha zote zilizohifadhiwa humo.

Jirani wa kibanda, aliyekuwa ametega sikio muda wote, akatushauri tupige *#21#. Naomba mtu anisaidie kuua uvumi huu. Nambari hiyo huonyesha tu kama simu zako zinaelekezwa kwenye nambari nyingine. Haijui lolote kuhusu anayesoma WhatsApp yako.

## Kidole juu ya kitufe

Mama Lavin alitaka kukiondoa kile kifaa papo hapo. Kidole kilishafika.

Nikamshika mkono.

Sababu yangu ilikuwa moja: akikiondoa, mumewe ataona. Kompyuta itamtoa nje, naye atajua kwamba mkewe amejua. Atakuwa na saa nzima ya kuwaza kabla ya kufika nyumbani, na mkewe atakuwa peke yake na watoto. Namfahamu Baba Lavin tangu harusi yao. Sijawahi kusikia amemgusa. Lakini nilipojaribu kusema "hawezi," nilijikuta ninachoweza kusema kwa uhakika ni "sijasikia."

Januari 27, 2024, wanawake waliandamana katika miji kadhaa ya nchi hii kwa sababu ya wenzao waliouawa, wengi wao na watu waliowajua na kuwapenda. Kila mmoja alikuwa na rafiki ambaye angeapa kwamba yule mwanaume hawezi.

Kwa hiyo tulipiga picha kioo chake kwa simu yangu, tukaacha kila kitu kilivyo. Siku kadhaa zilizofuata Mama Lavin aliandika mambo ya kawaida kwenye simu yake, bei za bale na salamu, akijua anasomwa. Aliniambia hilo ndilo lililomchosha kuliko yote, kuigiza maisha yake mwenyewe. Mambo ya maana tuliyasemea kibandani. Kama wewe unasoma haya na nyumba yako si salama, usitumie simu inayochunguzwa kuomba msaada. Azima ya mtu. Nambari 1195 hupigwa bure, usiku na mchana, na wanaopokea wamezoea mambo haya. Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015 inahesabu kunyemelea na kutesa mtu kisaikolojia kuwa unyanyasaji, hata kama hakuna kofi lililopigwa.

Njia aliyoichagua ilikuwa ya kwake. Alimwita dada mkubwa wa Baba Lavin kutoka Ahero, mama ambaye hata kikao cha ukoo hunyamaza akikohoa. Mchana, Jumamosi. Watoto wakaja kwangu Migosi.

## Alichokuwa akijua

Niliyoyasikia baadaye ndiyo yamenifanya niandike.

Baba Lavin alianza kushuku alipoona ujumbe wa M-Pesa. Pesa zilikuwa zikienda kwa mtu aliyehifadhiwa kwa jina "Fundi." Fundi wa nini? Hakuna bomba lililovuja, hakuna kiti kilichovunjika. Akajua ni mpango wa kando. Akaunganisha simu na kompyuta ya ofisi.

Hakukuta mwanaume.

Alikuta deni. Mama Lavin alifungua bale moja mbovu, nguo zimetoboka na nyingine zina madoa ya kutu, mtaji wote ukaenda. Akakopa kwenye programu ya mikopo, akakopa nyingine kulipa ya kwanza, kisha akaangukia shailoki, mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali, mama mmoja wa pale sokoni. Huyo ndiye Fundi. Alimhifadhi kwa jina hilo ili mumewe asiulize.

Kwa hiyo mumewe alijua. Alijua kwa miezi. Alisoma mkewe akiomba aongezewe wiki moja. Alisoma akitukanwa. Na alikuwa na akiba kwenye Sacco yenye kutosha kulimaliza lile deni na kubaki.

"Mbona hukumpa?" dada yake alimuuliza.

"Nitaanzia wapi? Nikisema nina pesa ya deni, ataniuliza deni gani."

Mama Lavin aliuza cherehani yake. Alimwambia mumewe imeharibika, ameipeleka kwa fundi. Mumewe akasema sawa. Nikiwaza jioni ile siwezi kukaa vizuri: mke anadanganya kuhusu cherehani, mume anajua ni uongo, anajua na bei iliyouzwa, anajua pesa zimekwenda kwa nani, naye anaomba aongezewe mboga.

Kabla ya haya, nilikuwa nikifikiri hatari ya kupekua simu ni kukuta kitu. Ndivyo mashangazi husema: usitafute usichotaka kukiona. Kumbe Baba Lavin alikuta kitu ambacho angeweza kukitibu, na njia aliyokipatia ndiyo iliyomfunga mikono. Asingesoma ile simu, angeona tu mke aliyekonda, asiyelala, na huenda siku moja angemuuliza una nini. Kwa kuwa alishajua, hakuwa na sababu ya kuuliza.

Dada mtu alikuwa na swali jingine, na kwangu ndilo lililopenya zaidi. "Ulipoona hakuna mwanaume, mbona hukutoka humo?"

Akajibu: "Nilisema labda kesho."

## Programu aliyokaribia kuinunua

Ilitoka pia kwamba mwenzake ofisini alishamwonyesha kitu kikubwa zaidi: programu ya kulipia kwa mwezi, inayofichwa ndani ya simu, inarekodi simu, inawasha maikrofoni, inakuletea kila kinachoandikwa. Alikuwa bado anahesabu kama anaimudu.

Niliketi nikasoma kuhusu biashara hiyo, na nimeshangaa kwamba hatuisemi. Wanaouza programu hizi wamekuwa wakivujisha kile wanachokusanya, tena na tena. mSpy ilidukuliwa mwaka 2015, data ikavuja tena 2018, tena 2024, na safari hiyo ya mwisho zilitoka mamilioni ya barua ambazo wateja waliandikia kampuni, yaani majina ya wapelelezi wenyewe. LetMeSpy ya Poland ilidukuliwa Juni 2023, ikafungwa miezi michache baadaye. pcTattletale ya Marekani ikafuata Mei 2024. Mwaka 2021, tume ya biashara ya Marekani ilimpiga marufuku aliyeendesha SpyFone kufanya tena biashara ya kuchunguza watu.

Maana yake nyumbani ni hii: unachukua picha za mkeo na vyeti vyake vya hospitali, unampa mtu usiyemjua, aviweke mahali ambapo wezi wameshaingia zaidi ya mara moja. Kisha unalipa.

Mwaka 2025 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walisema wameikuta FlexiSPY kwenye simu ya mtengenezaji filamu wa Kenya, simu iliyokuwa imeshikiliwa na polisi. FlexiSPY hiyohiyo huuzwa kwa mtu yeyote mwenye pesa, pamoja na mume mwenye wivu.

Wale wa mitandaoni wanaosema "tuma kitu kidogo nikupe WhatsApp ya bwana yako" siwazungumzii. Hao ni matapeli tu. Wanajua hutawashtaki, maana utaanzaje kueleza ulikuwa ukinunua nini?

## Wakili wetu wa chama

Chamani tuna wakili, na nilimuuliza bila kutaja mtu. Alicheka kwanza, akasema wateja humletea picha za skrini kama watu wanaoleta kuku aliyeibwa na kutaka apikwe.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, mawasiliano yake yakiwemo, na hakina neno "isipokuwa mkeo." Kifungu cha 45 kinasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018 ina meno: kuingia bila ruhusa ni faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kunasa mawasiliano bila ruhusa ni hadi milioni 10 au miaka 5. Na kuhusu kesi ya talaka, Kifungu cha 50 kinaitaka mahakama itupe ushahidi uliopatikana kwa kukanyaga haki za mtu, ikiwa kuupokea kutaharibu haki.

Nilitaraji Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ingesaidia. Hiyo, alisema, imeacha nje shughuli za binafsi na za nyumbani.

Je, Mama Lavin ataenda polisi? Hataenda. Wala sikumshauri. Nimeyaandika kwa sababu wengi wenu mnaamini cheti cha ndoa ni leseni.

## "Kama huna la kuficha"

Najua maoni yatakayokuja hapa chini, basi niyatangulie.

Kuna wanandoa wanaojuana nywila zote, na kuna rafiki yangu ambaye mumewe huendesha lori usiku kuelekea Malaba na humwachia ramani wazi ili ajue amefika wapi. Sina neno nao. Kila mmoja anajua anachoonekana nacho, na anaweza kusema leo sitaki. Aliyefichwa hana nafasi ya kukataa.

Pia kuna hoja ambayo sikuweza kuipuuza. Mwanamke mmoja aliniambia: "Wewe unazungumzia faragha. Mimi naogopa kuletewa ugonjwa." Huku kwetu Nyanza hofu hiyo ina makaburi. Sikumwambia anakosea kuogopa. Nilimwambia simu ya mumewe haitampa majibu ya damu yake. Ikiwa safi, huenda ana simu ya pili; ikiwa chafu, bado hajui hali yake. Vipimo vya kujipima virusi vya UKIMWI mwenyewe vimekuwepo nchini tangu 2017. Kliniki ipo. Kukataa kulala naye bila kinga ni vita, najua, tena kubwa. Lakini ni vita inayohusu mwili wake, na anaweza kuipigana bila kujificha chooni na simu ya mtu.

Hakukubaliana nami kikamilifu. Mimi pia sijamaliza kulifikiria.

## Sisi tulio ndani ya simu

Kuna jambo ambalo katika mazungumzo yote ya Mamboleo, hata dada mtu hakuligusa. Baba Lavin alimwomba mkewe msamaha. Mimi hajaniomba kitu.

Sidhani ni kiburi. Nadhani hajaniona. Kwake yeye alikuwa akisoma simu ya mkewe. Kwamba ndani mlikuwa na mimi na uvimbe wangu, mlikuwa na mwenzetu ambaye binti yake amepata mimba kidato cha pili, mlikuwa na mwingine anayejipanga kumwacha mumewe, hilo halikumpitia akilini. Sasa fikiria simu ya muuguzi. Ya mwalimu wa ushauri. Ya mhudumu wa afya ya jamii aliyepewa simu na serikali mwaka 2023 azungukie nyumba zetu. Sheria ya 2006 inakataza kufichua hali ya mtu ya virusi vya UKIMWI bila idhini yake, na mume wa mhudumu anaweza kuisoma yote akinywa chai.

Hapo ndipo mimi na Mama Lavin tuligombana kweli. Nilisema wanachama lazima waambiwe kwamba sauti zao zilisikilizwa. Yeye alisema kifaa kimeshaondolewa, nywila zimebadilishwa, deni linalipwa, kwa nini amvue mumewe nguo mbele ya watu? Nilielewa. Nilikataa pia. Tulikaa muda bila kupigiana, kisha akanitumia ujumbe: nitasema mwenyewe.

Alisema kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi, kwa maneno machache, bila kulia. Makala hii ameisoma kabla yenu. Majina si yao na baadhi ya mambo nimeyabadilisha. Mkutanoni wawili walikasirika, na walikuwa na haki. Mmoja akatoa simu akaanza kufuta jumbe zake moja moja, kana kwamba hazijasomwa. Tukakubaliana kikundi kibaki cha michango na tarehe tu.

Kisha akazungumza mwanachama mmoja muuza samaki, ambaye kikundini huwa hatuandikii zaidi ya "sawa." Hata tulipofiwa aliandika "sawa." Tulishamsema sana kwa hilo, tukamwita mwenye maringo.

"Wangu huwa anasoma tangu tuoane," akasema. "Mimi nilidhani mnajua. Mkinitaka, nifuateni sokoni."